Mshahara usiwe rehani ya soko la hisa

Si ajabu siku hizi kumkuta mwajiriwa, awe mwalimu wa Runyenjes au karani wa Nkubu, ameikodolea macho simu yake jioni nzima akifuata bei za hisa za Marekani. Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu na kufungwa saa tano usiku. Majira ya baridi yanapoingia huko, saa hizo husogea mbele kwa saa moja. Kwa sababu hiyo wengi hudhani wamepata biashara isiyogongana na kazi. Nasema dhana hiyo ni ya hatari, hasa mtaji ukiwa wa mkopo.

Sineni haya kwa husuda. Mwaka 2008, serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, nilikuwa mwalimu katika Embu. Nilikopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, wenzangu watatu wakanidhamini. Walioomba hisa walikuwa wengi mno, hivyo tukapewa sehemu ndogo tu ya tulizoomba. Pesa zilizosalia zilirudishwa baadaye, lakini riba ya mkopo wote ilikuwa imekwisha kuanza kuhesabiwa. Mapema mwaka 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Huku nikikatwa mshahara na karo ya watoto ikinidai, niliuza kwa hasara. Mwaka 2021 hisa iyo hiyo ilipita shilingi 40. Kosa lilikuwa langu: nilinunua mali inayohitaji subira kwa pesa zisizo na subira.

Sasa wadogo zetu wamevamia biashara iliyo kali zaidi, ile ya opsheni. Tuseme mfanyabiashara wa Maua amempa mkulima shilingi 5,000 ili awe na haki ya kununua miraa yake kwa bei ya leo hadi mwisho wa mwezi. Bei ikipanda, atanunua na kufaidi. Ikishuka, ataachilia mbali, na zile 5,000 hatazirudishiwa. Hiyo ndiyo opsheni. Mwenye hisa aweza kungoja miaka. Mwenye opsheni amenunua kitu chenye siku ya kufa. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, wakulima wa Igembe waliumia, lakini walibaki na miti yao. Opsheni ikifikia siku yake bila faida, mwenyewe habaki hata na jani.

Watanijibu kwamba mshahara hautoshi. Ni kweli, nami nimeishi kwa mshahara huo. Lakini anayekesha akichungulia bei hadi saa tano usiku ataingiaje darasani asubuhi akiwa na akili timamu? Na anayechagua soko la Nairobi, linalofanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, akitaka kununua na kuuza kila siku hana budi kuiba saa za mwajiri wake. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa inayoponyoka ni haki ya mtoto wa mwenzake.

Jambo linalonikera zaidi ni la wadhamini. Mkopaji akishindwa kulipa, akiba yao ndiyo hutwaliwa. Mtu aliyetia sahihi akiamini anamsaidia mwenzake kujenga nyumba au kulipa karo hujikuta amecheza bahati nasibu bila kujua.

Sisemi mwajiriwa asimiliki hisa. Na anunue, lakini kwa akiba yake mwenyewe, kidogo kidogo, katika kampuni anazozielewa, kisha aziache zikae miaka huku yeye akifanya kazi aliyoajiriwa. Hisa za namna hiyo hazimnyimi mtu usingizi. Vyama vyetu vya akiba navyo vitake kujua kwa dhati mkopo unakwenda wapi. Nawe msomaji, mwenzako akikuletea fomu ya udhamini, muulize kabla ya kutia sahihi. Wenzangu watatu hawakuniuliza mwaka ule, na laiti wangeniuliza.