Exetat: usinunue majibu, jitayarishe



Kila mwaka, miezi ya mwisho ya masomo ikikaribia, swali moja linarudi katika makanisa yetu. Vijana wananiuliza kwa siri kiisha ibada: "Pasta, wako wanachangisha feza ya itemi. Tutoe ao tusitoe?" Na wazazi wananiuliza: "Pasta, mutoto akianguka, si ataenda tu kuchimba koltani?" Leo ninajibu wote wawili.

Tuelewe kwanza mutihani wenyewe. Mutihani wa Serikali, huu tunaita Exetat, uko tangu miaka ya 1960, na unatengenezwa kwa ajili ya inchi nzima. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni hors-session: dissertation, mutihani wa Kifaransa wa kusema kwa kinywa, na kazi ya mikono kwa wale wa seksio za ufundi. Kiisha kunakuja siku ine za itemi: maarifa ya jumla, sayansi, luga, na masomo ya seksio yako. Kila itemi ina majibu mengi, moja tu ndilo la kweli. Ukipata 50 % umepita.

Sasa, wale wanaouzisha itemi. Jua kwamba mara nyingi wanauzisha uongo. Karatasi zinakuja katika bahasha zilizofungwa, zinafunguliwa mbele ya wanafunzi, na kuna seri mbalimbali. Yako inaweza kuwa mbali na ya jirani. Muzazi anauzisha mbuzi, mutoto anarudi na karatasi ya majibu yasiyo ya mutihani wake. Na kama mutu yeyote anamuomba musichana mwili wake ili amupe pointi, hiyo si musaada, ni zambi na ni kosa mbele ya sheria. Binti yangu, usinyamaze. Ambia mama, ambia muke wa pasta, ambia mutu unayemuamini.

Lakini hata kama majibu yangekuwa ya kweli, usinunue. Diploma ni mulango tu. Ukiingia UNIGOM, ao ULPGL ambayo makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha hapa Goma mwaka wa 1985, profesa hatauliza diploma yako ilitoka wapi. Atakupa kazi ya kufanya. Faculté zingine zina mutihani wao wa kuingia. Wengi walioshangilia mu mwezi wa matokeo wanaanguka mwaka wa kwanza, juu walibeba pourcentage bila kubeba maarifa. Soma Mezali 20:17: mukate wa uongo ni mutamu kwanza, mwisho kinywa kinajaa changarawe. Wachimbaji wanajua vizuri changarawe ni nini.

Angalia tena Danieli sura ya 1. Vijana wane, wahamishwa, mbali na kwao, walisoma miaka mitatu kabla ya kusimama mbele ya mufalme. Mungu aliwapa akili, ndiyo, lakini hawakuacha kusoma. Maombi bila daftari ni kumujaribu Mungu.

Basi tujitayarishe namna gani?

Kwanza, usingoje mwezi wa tano. Finalisti anaanza siku ya kwanza ya mwaka. Kila juma rudilia somo ulilofundishwa, si lile unalopenda tu.

Pili, tafuta itemi za miaka iliyopita, muzifanye watu watatu ao wane pamoja. Kila mumoja aeleze juu ya nini jibu lile ni la kweli, na mengine ni ya uongo juu ya nini. Ukijua namba ya jibu bila kujua sababu, haujasoma. Muombe wazee wa kanisa wawafungulie kanisa saa ya mangaribi.

Tatu, dissertation haina majibu ya kuchagua. Andika moja kila juma mbili, mwalimu wa Kifaransa aisahihishe.

Ine, angalia jina lako na tarehe ya kuzaliwa katika dosie ya shule. Herufi moja ikikosewa, utaihangaikia miaka.

Tano, chunga bulletin zako zote katika sachet ya plastiki pamoja na Biblia ya jamaa. Sisi watu wa Goma tunajua sababu. Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, na Januari 2025 mapigano yalifika mujini na shule zikafungwa. Wengi walikimbia mikono mitupu. Utakapokimbia, sachet ile ikimbie nawe.

Ninyi wazazi, minervali peke yake haitoshi. Mupe mutoto saa mbili za mangaribi na mwangaza. Ndugu yake anasoma, musichana ako anachota maji na kupika: je, mutihani wao si ni mumoja? Gawanyeni kazi. Na usimutume finalisti ku machimbo wakati wa masomo, hata kama bei ya koltani imepanda. Kuchimba ni kazi, si zambi. Lakini shimo litamungoja. Mwaka wa masomo haumungoji.

Na akianguka? Hajakufa. Atarudia mwaka, ao atajiandikisha kama autodidacte. Usimufukuze nyumbani, usimuite mujinga mbele ya wadogo wake. Vijana wengi waliingia shimoni si juu ya kuanguka mutihani, lakini juu ya maneno ya baba siku ile.

Matokeo yanapotoka, zamani kwa redio, leo hata kwa simu, tunawamwagia finalisti poda kichwani, tunaimba njiani. Furaha hiyo ni nzuri. Poda inatoka na maji ya kwanza, lakini ulichosoma kwa kweli utaingia nacho chuo kikuu, ao kazini, ao katika ndoa yako, na hakuna mwizi wa kukunyanganya.

Kwa hiyo kijana wangu, kama leo wanakuomba feza ya itemi, wajibu kwa heshima: hapana. Feza ile nunua daftari na petroli ya taa.

Bwana awape akili na nguvu.