Bố, Má na Swali la Urithi

Wapo miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba aliyepoteza lugha ya wazazi wake amekwisha kuupoteza urithi wote. Hoja hii, ambayo aghalabu huegemezwa kwenye maandishi ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, ina uzito. Hata hivyo, tukiigeuza kuwa rungu la kuwapigia watoto wa wahamiaji, tutakuwa tumekosea.

Tumtazame Thi Bui. Alizaliwa Saigon mwaka wa 1975. Mwaka wa 1978 familia yake ilitoroka kwa mashua, ikapitia kambi ya wakimbizi nchini Malaysia, hatimaye ikatua Marekani. Ukubwani aliwahoji wazazi wake, na tawasifu yake ya michoro, The Best We Could Do, ikachapishwa mwaka wa 2017. Imeandikwa kwa Kiingereza. Je, tumwite msaliti?

Kabla ya kuhukumu, tuzingatie maneno mawili ambayo hakuyatafsiri: Bố na Má. Bố ni baba kwa lahaja ya kaskazini. Má ni mama kwa lahaja ya kusini. Mama mwenyewe alipendelea Mẹ, neno la kaskazini, lakini watoto wakashikilia Má. Nchi iliyogawanywa kwa mkataba wa Geneva mwaka wa 1954 imo katika namna watoto wanavyowaita wazazi wao.

Isitoshe, katika Kivietinamu maneno ya undugu ndiyo yanayoshika nafasi ya "mimi" na "wewe". Mtoto akizungumza na mamake hujiita con, hata akiwa na mvi. Akimgeukia dada yake mkubwa, huwa em. (Sisi tuna shikamoo, ila kiambishi cha nafsi hakibadiliki.) Kwa hivyo ni vigumu kuunda sentensi ya adabu kabla ya kujua wewe ni nani kwa yule unayemsemesha.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo urithi ulipo, wala si katika bakuli la phở au vazi la áo dài linalotolewa kabatini wakati wa Tết, sikukuu ya mwaka mpya. Sizidharau sherehe. Lakini phở hununuliwa na yeyote. Nafasi ya con hupatikana kwa kuketi na wazazi na kuwauliza kuhusu vita na mashua, mambo ambayo pengine wangependa yanyamaziwe. Bui aliuliza.

Atakayeitafsiri tawasifu hii kwa Kiswahili atashawishika kuandika "mama" kila alipoandika Má. Mimi ningeliacha neno hilo lilivyo.