M136279841

M136279841 ni namba tasa iliyotangazwa tarehe 21 Oktoba 2024 kuwa kubwa kuliko namba tasa zote zilizokuwa zimejulikana hadi siku hiyo. Kwa hesabu ni 2^136279841 − 1. Ina tarakimu 41,024,320, na ya mwisho ni 1. Iliyotangulia, ya mwaka 2018, ilikuwa na tarakimu 24,862,048.

Tabia zake

Ni namba ya Mersenne, yaani kipeo cha 2 kilichopunguzwa 1. Kipeo chenyewe lazima kiwe namba tasa, lakini hilo halitoshi: 11 ni tasa, ilhali 2^11 − 1 = 2047 = 23 × 89. Ndiyo maana ni namba 52 tu za aina hii zilizokuwa zimepatikana, hii ikiwemo. Haijulikani kama zina mwisho.

Kila namba tasa ya Mersenne huzaa namba timilifu, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo, kama 6 = 1 + 2 + 3. Ukizidisha 2^136279840 kwa M136279841 unapata namba timilifu pia.

Kuithibitisha hakuhitaji kujaribu vigawo kimoja kimoja. Jaribio la Lucas na Lehmer huanza na 4. Kila hatua hukuza namba kipeo cha pili, hutoa 2, na kubakiza salio la kugawa kwa namba inayochunguzwa. Baada ya hatua 136,279,839 salio likiwa 0, namba ni tasa.

Ugunduzi

Mgunduzi ni Luke Durant wa San Jose, Marekani, aliyewahi kufanya kazi NVIDIA. Alishiriki katika GIMPS, mradi wa kujitolea ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996. Dalili ya kwanza ilitoka Dublin tarehe 11 Oktoba. Kesho yake mashine ya San Antonio, Texas, ikathibitisha.

Kwa miaka 28 ushindi wa GIMPS ulitoka kwenye kompyuta za kawaida. Durant alikodi maelfu ya kadi za michoro katika nchi 17, akatumia takriban dola milioni 2 zake mwenyewe. Zawadi ya mradi ni dola 3,000. Mtu mwenye kompyuta moja nyumbani bado anaweza kubahatika, ila nafasi yake imekuwa finyu sana.

Husemwa mara nyingi kwamba namba kama hii italinda siri za benki. Si kweli. Ufunguo wa RSA wa biti 2048 hutumia namba tasa mbili za tarakimu 300 na ushee, nazo lazima ziwe siri. Hii inajulikana na kila mtu. Faida iliyo dhahiri zaidi ni kupima vifaa: programu ya GIMPS iliwahi kufichua kasoro katika vichakato vya Intel vya Skylake.

Tuzo ya dola 150,000 ya Electronic Frontier Foundation inasubiri namba tasa yenye tarakimu milioni 100. M136279841 haifikii hata nusu ya urefu huo.