Bei ya jipe haiishi siku ya kununua

Bandugu watumikaji, na ninyi bamama munaoshika feza ya nyumba, leo hatusemi juu ya mushahara. Tunasema juu ya kitu kinachokula mushahara: jipe ya zamani.

Tunaona kila mara. Mutumikaji anapata krediti ya banki ao dekonti yake ya mwisho, na macho yanakwenda mbio kwa magari ya okazyo yanayotoka Japani, yanapita Dar es Salaam na Zambia, yanaingia Kasumbalesa na volan kuume. Jipe inang'aa, bei iko muzuri. Lakini ile bei ni ya mulango tu.

Hatucheki mutu. Sisi madelege njo tulianguka wa kwanza. Tulikopa mu kese yetu ya musaada, tukanunua Prado ya 1998, motere 1KZ ya mazutu, juu ya kutembelea wenzetu ku machimbo. Tulisema tutarudisha feza polepole.

Mwezi wa pili, mu barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, mushale wa moto ukapanda. Mumoja wetu akasema: « Tutafika tu. » Tulifika, lakini kulasi ilikuwa imepasuka. Ile motere, bloku yake ni ya chuma na kulasi ni ya aliminyo. Ikipata moto sana, kulasi inajipinda ao inapasuka. Na radiatere yetu ilikuwa imejaa kutu, sababu mwenye gari wa mbele alikuwa anatia mayi ya robine tu.

Muone hesabu ya miezi kumi. Kulasi ya okazyo, dola 350. Ikapasuka nayo nyuma ya wiki tatu. Kulasi mupya, 900. Kazi ya fundi mara mbili, 300. Radiatere, 180. Amortisere ine na silamblo zake, 280. Batri, 140. Yote pamoja: dola 2 150.

Mu ile miezi, mwenzetu mumoja akafariki. Mujane wake alikuja kuomba musaada wa mazishi, na kese ilikuwa tupu. Tulizunguka nyumba kwa nyumba kuchangisha. Ile haya tuko nayo mpaka leo, njo maana tunaandika.

Kwa hiyo, ndugu, kama unataka kununua, usiende na fundi wa muuzishaji. Enda na wako. Fika asubui, motere ikiwa baridi bado, maana motere iliyopashwa moto mbele yako inaficha magonjwa. Fungua radiatere mbele ya kuwasha: mayi yakiwa na mafuta, uache. Kisha washa: mapovu yakipanda bila kuisha, ao moshi mweupe unatoka muzito na hauishi hata motere ikipata moto, uache. Kama ni X-Trail ya kuanzia 2007, uliza fundi kama buati yake ni ile otomatike ya mukaba wa chuma. Inaomba mafuta yake yenyewe. Ukitia ingine inaharibika, na mara nyingi mafundi wanabadilisha buati nzima. Usitumie feza yote ku kununua. Acha sehemu moja ya tatu juu ya garaji. Vumbi ya machimbo inaziba filtre ya hewa: angalia kila wiki wakati wa kiangazi. Na mushale ukipanda, simama palepale, uzime. Kuchelewa ni bei rahisi kuliko kulasi.

Lakini tujiulize: sababu gani mutumikaji anatafuta jipe? Wengine wanasema ni majivuno. Si kweli kwa wote. Ni sababu basi ya kazi inapita mbali na kartie yake, ao haifike, na mukubwa wa kazi anahesabu kuchelewa. Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inatenganisha feza ya transport na mushahara. Sisi tunasema basi: kufika ku kazi kusilipwe na bunga ya watoto. Tunaomba mabasi mazima, yanayopita mu kartie zote na kwa saa yake. Tutaliweka lile neno ku meza wakati wa mazungumuzo, na tunawaomba mutuunge mukono.

Heshima ya baba haiko mu jipe yenye kulala garaji. Iko mu mutoto asiyerudishwa kutoka masomo juu ya minervali.

Kwa upande wetu, tumeandika sharti mupya: feza ya kese hainunue tena gari. Prado tunaiuzisha, na feza inarudi mu kese. Mununuzi tutamwambia yote, hata ile ya kulasi mara mbili. Akitaka kuja na fundi wake, karibu.