Jumba la Wananchi Lisiuzwe

Mtu afikaye katikati ya mji wa Nairobi jicho lake huvutwa kwanza na mnara wa Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, lijulikanalo kwa herufi KICC. Minara mirefu kuliko huo imekwisha kujengwa mjini humo. Lakini ni huo uliowekwa katika noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019. Sababu yake yafaa kuelezwa, maana yahusu mali ya umma.

Jumba hilo lilianza kama wazo la makao makuu ya chama cha KANU, nyumba ya kiasi tu. Kazi ya kulisanifu walipewa Karl Henrik Nøstvik, msanifu wa majengo kutoka Norway, na David Mutiso, Mkenya. Mzee Jomo Kenyatta alitaka mnara upande juu zaidi. Kisha Nairobi ikachaguliwa kuwa mwenyeji wa mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 1973, ikawa hapana budi upatikane ukumbi wa kuwatosha wageni wa ulimwengu. Hivyo ramani ikakua, na mwaka huo huo jumba likafunguliwa: mnara wa ofisi wenye ghorofa 28, ukumbi mkubwa wa mikutano, na kando yake ukumbi wa duara wenye paa lililochongoka.

Tazama basi lilivyosanifiwa. Mnara huo si sanduku la vioo. Ni wa pande nyingi, karibu kuwa mviringo, na madirisha yake yamekaa nyuma ya mbavu za zege zilizosimama wima, ili jua la asubuhi na la alasiri lisiingie kwa ukali. Rangi yake ni ya udongo wa nchi. Ule ukumbi wa duara ni msonge. Mkulima atokaye kijijini hahitaji kuelezwa na mtu. Na mbele yake pameachwa uwanja, kama ua wa mji ambamo watu hukutana. Umbo lenyewe latoa ushahidi kwamba hapo ni mahali pa baraza.

Sisi tulio gazeti la chama hatuoni haya kusema kwamba jumba hilo lilizidi kimo cha chama. KANU ilishindwa katika uchaguzi wa mwaka 2002, na mwaka 2003 serikali ikalitwaa jumba kwa niaba ya umma. Vyama huja na hupita. Wananchi ndio wakaao.

Hata hivyo, mwaka 2023 serikali ya Kenya ililitia KICC katika orodha ya mashirika 11 ya umma yaliyokusudiwa kuuzwa. Waliotetea mpango huo walisema kwamba hazina imelemewa na madeni, na kwamba mwenye mtaji ataweza kuyatengeneza yaliyochakaa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Jumba la umma lisilotunzwa ni aibu, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini kuuza si kuziba ufa. Kodi ya ofisi na ada za mikutano huingia kila mwaka. Bei ya kuuza huingia mara moja tu, ikaliwa ikaisha. Tena anunuaye kumbi hununua na lango. Kesho aweza kuufunga uwanja ule, na mwananchi atautazama msonge wake kutoka ng'ambo ya barabara. Mnamo Septemba 2024 Mahakama Kuu iliutengua uamuzi huo, ikakumbusha kwamba jumba hilo ni ukumbusho wa taifa unaolindwa na sheria. Twaipongeza.

Hukumu peke yake, hata hivyo, haitoshi, kwani haja ya fedha haiishi kwa amri ya mahakama. Yawapasa wasimamizi wa jumba wayatangaze mapato na matumizi yake kila mwaka, watenge fungu la matengenezo lisiloguswa kwa kazi nyingine, na wauache uwanja wazi. Wakifanya hivyo hakuna atakayepata kisingizio cha mnada. Na serikali zote za Afrika Mashariki zenye majumba ya namna hii zijifunze hapo: ufa uzibwe, ukuta usiuzwe.