Mashimo 18

Siku hizi mtu akitaka kujua cheo cha mgeni hamtazami usoni, hutazama matairi. Akiona tairi pana, kioo cheusi na namba inayoanza na ST, basi viti vinapanguswa, mtendaji anatafuta shati la mikono mirefu, na watoto wa darasa la tatu wanaambiwa waache hesabu wakajipange kando ya njia waimbe. Mgeni huyohuyo akija kwa pikipiki, hata awe na hekima ya namna gani, ataulizwa kwanza ametumwa na nani. Nimeyaona hayo hapa Lituhi na katika shule nyingine nilizotumikia, na kila mwaka yanazidi.

Sisi tuliozaliwa mwambao wa Nyasa chombo chetu cha kwanza kilikuwa mtumbwi. Sikupata kusikia mvuvi akisifiwa kwa mtumbwi. Alisifiwa kwa mbasa na dagaa aliorudi nao, na aliyerudi mtupu alijua kuwa jioni hana la kusema. Gari nalo ni chombo. Lakini mahali fulani katikati ya safari yetu chombo kiligeuka kuwa ndiyo samaki mwenyewe.

Ugonjwa huu si wa jana. Mara baada ya Uhuru watu walikwisha kuwapa jina wakubwa waliopenda Mercedes Benz: Wabenzi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha, na kwa muda ilionekana aibu kwa mkubwa kung'ara kuliko watu wake. Miaka ya shida ya mafuta magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Vijana wa leo hucheka wakisikia. Wengi tuliona usumbufu, na ulikuwa usumbufu kweli. Lakini wenye magari na wasio nayo waliijua shida iliyokuwapo, kwa sababu iliwagusa wote. Kisha Azimio likalegezwa, na miaka ya 1990 likaingia shangingi. Neno lenyewe lilikuwa la mwanamke wa mjini mwenye kujipamba na maringo, likahamishiwa kwenye Land Cruiser. Waliohamisha walijua walichokuwa wakifanya.

Mwezi Juni 2022, bei ya petroli ilipokuwa imevuka shilingi 3,000 kwa lita na serikali ikitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kuipoza, Waziri wa Fedha alieleza bungeni kuwa magari ya serikali, kwa kuyanunua, kuyajaza mafuta na kuyatengeneza, yanahitaji zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka. Akapendekeza watumishi wenye stahili wakopeshwe magari, wayatunze wenyewe. Lilikuwa pendekezo la busara. Mtu akilipia tairi kwa mshahara wake hatamtuma dereva kilomita 40 kwenda kuchukua kuku.

Lakini gharama si jambo linaloniumiza zaidi. Linaloniumiza ni shokapu. Mtu akikaa ndani ya gari lile, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma, mashimo ya njia hayamfikii. Njia ya kutoka Kitai hadi Lituhi ni karibu kilomita 90, nami nimeipita katika vumbi la Oktoba na katika tope la Machi, nikikaa juu ya magunia ya mhogo. Nilijua kila shimo kwa uti wa mgongo. Mkubwa akipita humohumo kwa shangingi hufika akisema barabara inapitika, na hasemi uongo, yeye imempitisha. Mama mwenye uchungu aliyepakiwa nyuma ya pikipiki usiku, dada yake akimshikilia kwa kanga asidondoke, amepita njia nyingine kabisa. Lami ilifika Mbamba Bay kutoka Mbinga, kilomita 66, tukashangilia. Upande wetu ilianzia kule kwenye makaa ya mawe ya Ngaka. Makaa hayana sauti, lakini yana mnunuzi.

Sasa niseme habari ya gofu, na msomaji aliyedhani nitautukana mchezo huo ajiandae. Kijana niliyemfundisha, ambaye Mungu amemjalia, alinialika siku moja kwenye klabu yake Dar es Salaam. Nilikwenda nikiwa na maneno yangu tayari: kwamba hizi ni ekari za majani kwa ajili ya mpira mdogo kuliko ndimu, wakati shule za jirani watoto wanacheza barabarani kwa sababu viwanja vyao vimejengwa maduka. Maneno hayo bado nayashika. Lakini mwanafunzi wangu alinieleza sheria za mchezo wake, nami nikarudi nyumbani usiku huo nikiwa na hasira kubwa kuliko niliyokwenda nayo.

Uwanja kamili una mashimo 18, na mchezaji hodari hutazamiwa kuyamaliza kwa mapigo 72 au karibu na hapo. Tuseme mimi nimeyamaliza kwa mapigo 90 na wewe kwa 74. Utasema umenishinda. La hasha! Wachezaji wa gofu wana kitu wanachokiita hendikapu. Mchezaji dhaifu hupimwa udhaifu wake, akapewa punguzo. Ikiwa langu ni 20, mapigo yangu 90 yanahesabiwa 70. Ikiwa lako ni 2, yako 74 yanahesabiwa 72. Kikombe ni changu. Wala hakuna anayenuna. Wenyewe wanasema bila utaratibu huo hakuna mashindano, kuna wenye nguvu tu wanaopita mbele ya wanyonge. Utaratibu wa dunia nzima ulioanza mwaka 2020 unaruhusu punguzo hadi 54. Tena si mchezaji peke yake anayepimwa. Kila uwanja nao hupimwa ugumu wake, ili aliyecheza kwenye uwanja wenye miti, mabwawa na vilima asilinganishwe hivihivi na aliyecheza kwenye tambarare.

Jambo la pili: mchezaji hujishitaki mwenyewe. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani, Bobby Jones alisema mpira wake umesogea alipokuwa akijiandaa kupiga. Hakuna mwingine aliyeuona ukisogea. Akajiongezea pigo, na mwishowe akapoteza ubingwa kwa pigo moja. Na leo mchezaji akiandika kwenye kadi yake mapigo pungufu ya aliyopiga, akaitia sahihi, anatolewa mashindanoni.

Kumbe wakubwa wanajua! Hicho ndicho kilichonikasirisha. Nilikuwa nikidhani miaka yote hiyo kwamba hawaelewi, kwamba haki ya namna hiyo ni ngumu kuieleza kwa mtu aliyeshiba. Kumbe Jumamosi wanaitekeleza, kwa kalamu ya risasi, wakicheka na kupeana mikono. Jumatatu wanaingia ofisini na kuwaambia watoto wa mwambao kwamba mtihani ni mmoja kwa wote na aliyeshindwa ameshindwa.

Mtihani wa kidato cha nne wa Masaki ndio wa Lituhi. Ni sawa, na uwe huohuo. Lakini nani amepima ugumu wa uwanja? Nimekuwa mkuu wa shule ambayo kwa miaka mitatu mfululizo haikuwa na mwalimu wa fizikia. Nilimwomba kijana aliyemaliza kidato cha sita awasaidie wenzake, nikamlipa kwa mahindi ya shamba la shule. Binti mmoja wa shule hiyo alipata C ya fizikia. Mwanafunzi mwingine wa mjini, mwenye maabara, umeme, vitabu na mwalimu wa ziada jioni, alipata B. Tulipofika kwenye nafasi ya kidato cha tano, B ilikuwa B na C ilikuwa C. Mchezaji wa gofu angeona ni upuuzi. Angeuliza kwanza: huyu alicheza uwanja gani?

Kwa miaka mingi tulitangaziwa kila matokeo yanapotoka shule kumi bora na shule kumi za mwisho, kana kwamba zilikimbia njia moja. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kuzitangaza shule bora. Nilifurahi kwa nusu saa. Kuacha kutangaza ushindani usio wa haki ni jambo moja, kuusahihisha ni jambo jingine. Wazazi wenyewe walishika kalamu wakaendelea kupanga.

Wala nisiambiwe kwamba haliwezekani. Liliwezekana. Miaka ya 1970 na 1980 nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali ziligawiwa kwa mikoa na wilaya, ili mtoto wa wilaya isiyo na kahawa wala misheni kongwe naye apate kiti. Walilalamika sana, hasa mikoa iliyotangulia, Kilimanjaro ikiwa mbele, na malalamiko yao hayakuwa bure. Mtoto wao mwenye alama nzuri aliachwa nje. Wao wakajenga shule zao, heri yao. Lakini baadhi ya waliopita kwa mlango ule niliwapokea chuo cha ualimu nilipokuwa mkufunzi. Waliingia wakisoma kwa kigugumizi. Mwaka wa pili hukuweza kumtofautisha aliyetoka mwambao na aliyetoka Marangu, isipokuwa kwa lafudhi, na pengine kwa namna anavyokula samaki.

Tusichanganye hendikapu na rehema ya jumla. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri. Nchi ikalia. Serikali ikayafuta, ikayapanga upya, na alama zikapanda kwa wote, wa mwenye maabara na wa asiyekuwa nayo. Hiyo haikuwa hendikapu. Kwenye gofu tungesema wamepanua shimo.

Atatokea msomi aseme: mwalimu, unataka tuwe na madaktari wa kuhurumiwa. Sitaki. Hendikapu hailisogezi shimo karibu wala haiufanyi mpira kuwa mwepesi. Sharti mpira uingie. Ninachotaka ni kwamba kwenye mlango wa kuingilia, kidato cha tano na chuo kikuu, aliyepiga vizuri kwenye uwanja mgumu ahesabiwe ugumu huo. Mlango wa kutokea ubaki mmoja. Mgonjwa hana hendikapu, na daraja likiwa bovu halitauliza mhandisi alisoma wapi.

Mwingine atasema nchi ni kubwa, njia ni mbaya, kiongozi anahitaji gari imara. Ni kweli. Basi magari imara yapelekwe kwenye njia mbaya. Nenda Dodoma uhesabu mangapi yanazunguka kwenye lami, kutoka ofisini hadi nyumbani, kutoka nyumbani hadi harusini, yakiwa na nguvu za kupanda milima ya Umatengo yaliyonyeshewa na mvua ya siku tatu. Halafu njoo huku uulize gari la wagonjwa liko wapi. Na wa tatu atasema ni wivu wa mzee asiye na gari. Nilikuwa nalo, Peugeot 404 kuukuu iliyonunuliwa kwa mkopo, nikaiuza kwa ajili ya karo. Sikushuka cheo hata siku moja kwa kutembea kwa miguu, ila mbele ya wale waliokuwa wakiisalimia Peugeot.

Ninachodai ni vitu viwili, na vyote wakubwa wanavifahamu tangu Jumamosi. Kwanza, kila shule ipimwe kama uwanja: idadi ya walimu wa kila somo, maabara, umeme, vitabu, umbali anaotembea mtoto, mto anaouvuka. Takwimu hizo hukusanywa kila mwaka. Mimi mwenyewe nimezijaza fomu hizo mpaka kidole kikaota sugu, na sikuona zikitumika kumsaidia mtoto hata mmoja mlangoni. Zigeuzwe kuwa namba, namba hiyo iandikwe pembeni ya alama za mtahiniwa, na anayechagua wanafunzi alazimike kuitazama.

Pili, kila mkubwa mwenye gari la umma awe na kadi. Aandike mwenyewe, si dereva: lita ngapi mwezi huu, kilomita ngapi, alikwenda wapi, kwa kazi gani. Mwenzake aishuhudie na kutia sahihi, kama wafanyavyo kule kwenye majani, na akiandika pungufu atolewe mchezoni. Kisha kadi zibandikwe mahali pa wazi katika kila kata. Hapa kwetu ubao upo tayari, nje ya ofisi. Nilipita juzi. Lina tangazo moja tu, la chanjo ya mbwa, na nafasi iliyobaki ni kubwa sana.