Askari Naye Atoe Hesabu

Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa palipovamiwa na wanamapinduzi mjini Unguja ni ghala ya silaha za polisi, Ziwani. Haikuwa bahati nasibu. Polisi wa zama zile walikuwa fimbo ya utawala, na wakulima, wakwezi na wachukuzi wa bandarini waliujua uzito wake. Makao makuu ya polisi Zanzibar yapo Ziwani hadi leo, na hapo hapo ndipo linapopaswa kuulizwa swali hili: mwananchi akimwona askari anakuja, hutulia au hugeuza njia?

Mema yaliyofanyika yasemwe. Katika uongozi wa Inspekta Jenerali Said Mwema, kuanzia 2006 hadi 2013, Jeshi la Polisi lilihubiri sana polisi jamii na ulinzi shirikishi, na wito huo ulifika hadi kwa masheha. Lakini katika mpango huo mwananchi ndiye anayedaiwa siku zote. Anadaiwa habari, anadaiwa usingizi wake kwa ajili ya doria, anadaiwa kuwataja wahalifu. Polisi nao wanadaiwa nini naye? Muuza samaki wa Malindi amtajaye mwizi leo, na kesho akamkuta mwizi yule anajua nani aliyemtaja, hatakanyaga tena kituoni, hata aitwe mikutano kumi.

Hapa Zanzibar lipo tatizo jingine. Polisi ni jambo la Muungano tangu Hati za Muungano za 1964. Sheha ni mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi. Mwananchi aliyeonewa na askari humwendea sheha, maana ndiye aliye jirani naye. Sheha hana mamlaka juu ya askari. Mwakilishi wa jimbo naye hukaa katika Baraza lisilotunga sheria ya polisi. Mwisho wa yote mlalamikaji huelekezwa kituo kile kile alikoonewa, amshitaki askari kwa askari mwenzake. Wengi hukata tamaa mlangoni, na ukimya wao huhesabiwa kuwa amani.

Matokeo ya kuachia mambo hivyo yameshaonekana. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita, iliyochunguza machafuko ya Januari 2001 ya Unguja na Pemba, ilihesabu vifo 31. Msiba wa namna hiyo haufutwi kwa gwaride wala kwa hotuba, na chama kinachoongoza nchi hakina faida yoyote kwa askari anayeogopwa: chuki anayoipanda askari huvunwa na viongozi.

Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya Haki Jinai Januari 2023, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Taarifa yake, iliyokabidhiwa Julai mwaka huo, ilitaka mabadiliko makubwa katika polisi. Mapendekezo hayo yapimwe kwa jambo moja: nani asiye askari atakayemhoji askari? Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inafanya kazi pande zote mbili za Muungano, lakini silaha yake kubwa ni mapendekezo. Kenya iliunda kwa sheria ya 2011 mamlaka ya kiraia ya kusimamia utendaji wa polisi. Haikumaliza risasi mitaani, kama maandamano ya 2024 yalivyoonyesha; hata hivyo jamaa wa marehemu wanajua mlango wa kubisha. Mzanzibari naye anastahili mlango wa aina hiyo, uwe na ofisi Unguja na Pemba, uwe na nguvu ya kumwita askari wa cheo chochote, na ulazimike kujibu kwa muda uliowekwa.

Sheria huchukua muda, na yapo yasiyongoja sheria. Kila anayepeleka lalamiko apewe namba yake kwa maandishi. Na kila mwezi mkuu wa kituo asimame mbele ya wananchi wa shehia, wawe wa Mwembetanga au wa Makunduchi, ataje malalamiko mangapi yameletwa dhidi ya askari wake, mangapi yamejibiwa, na yaliyobaki yamebaki kwa sababu gani.